Land Rover 109 ya babu: shajara ya kufufua pikapu iliyolala stoo ya kahawa

Januari

Naanza kuandika hapa kwa sababu nimechoka kujibu simu, kila ndugu anauliza kivyake "umefikia wapi na lile gari la mzee", so nitakuwa naongeza kipande kila kazi ikisogea na anayetaka kujua asome.

Gari yenyewe ni Land Rover Series III, 109, pikapu, injini ya petroli, mwaka 1974. Ilikuwa ya babu. Imelala kwenye stoo ya kahawa huko kihambani (shamba la nyumbani) Machame, Kilimanjaro, tangu miaka ya tisini na hakuna aliyeigusa zaidi ya kuku. Wasiozijua hizi gari, Series III ndo ile yenye grili ya plastiki na geji zimekaa mbele ya dereva, Series II geji zinakaa katikati ya deshibodi. Zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni inchi, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kuna na ndogo yake ya 88.

Namba ya chesisi kwenye hizi imegongwa kwenye hanga ya springi ya mbele upande wa kulia, watu wengi wanahangaika kuitafuta kwenye kibati cha ndani ambacho mara nyingi kilishang'oka zamani. Nikakwangua tope na brashi ya waya, nikapaka mafuta ya taa, nikakwangua tena, tarakimu zikaanza kutokea moja moja, afu nikalinganisha na kadi ya gari ambayo bibi alikuwa ameitunza kwenye kopo la Kimbo pamoja na risiti za chama cha msingi cha wakulima. Zimelingana. Hapo ndo nikasema sawa, kazi ipo, maana gari ambayo kadi haifanani na chesisi ni bora uiache ibaki banda la kuku.

Historia kwa ufupi: babu alikuwa anabebea kahawa kwenda chama, na siku za soko ndizi kwenda Moshi mjini, akirudi amebeba sementi, mabati, wagonjwa, wafiwa, chochote. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya ule mfumo wa kimataifa wa kugawana mgao wa mauzo kuvunjika 1989, gari ikaanza kutunzwa kwa kubangaiza, mara waya hapa mara kamba pale, mwisho klachi ikafa na hakuna aliyekuwa na hela ya klachi. Ikasukumwa stoo kwa muda. Huo muda ndo huu.

Nilichokuta: magunia matupu na mbao za mgrevilea nyuma kwenye bodi, kuku wanatagia siti ya abiria, panya wamekula waya za mbele karibu zote, tairi zimekuwa bapa zimegandana na sakafu, bonet haifunguki. Vioo vyote vizima kabisa, hicho ni cha kushukuru.

Baba mdogo alikuja kusimama mlangoni, akaangalia weee, swali lake la kwanza: "Sasa utaipiga rangi gani?"

Januari bado, kuitoa nje

Gari iliyolala muda huo huwezi kuifunga kamba ukavuta tu. Brekishuu zinakuwa zimeshikana na drami kwa kutu, ukilazimisha unavunja kitu ambacho spea yake utaitafuta nchi nzima. Tulipiga jeki kona moja moja, tukaweka magogo chini ya ekseli, tukalegeza ajasta za breki halafu drami zinashikwa na skrubu tatu tu, hizo skrubu ndo zilitusumbua kuliko drami zenyewe, ilibidi zipigwe moto na kugongwa na patasi. Drami ya nyuma kushoto ilitoka na shuu zake, lining imebanduka yote kama ganda la andazi.

Tukaazima tairi za jirani mwenye Land Rover nyingine, faida ya huku ni hiyo, saizi ya 7.50-16 bado ipo na bado inauzwa madukani maana na magari mengine ya mizigo yanaivaa. Vijana wakasukuma, ikatoka. Bibi akasema nihakikishe kuku wanapata pa kutagia kabla sijaondoka, nikawatengenezea boksi.

Februari, nyundo

Hapa ndo niseme msimamo wangu mapema ili tusisumbuane. Land Rover ya zamani ni chesisi na ule ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Basi. Vingine vyote vinafungwa na bolti, vinafunguka, vinapatikana. Bodi ni alumini, haiozi kirahisi, na ndo maana watu wanadanganyika, wanaona bodi safi wanalipa hela, kumbe chini kumeoza. Walianza kutumia alumini Uingereza mwaka 1948 kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, na haya magari yamebaki hivyo hivyo miaka yote, juu alumini, chini chuma.

Chesisi yake ni boksi, yaani imefungwa pande nne, maji na tope vikiingia kwenye matundu havitoki, so inaoza kutokea ndani. Nje unaona rangi nyeusi safi kabisa. Dawa yake ni nyundo ndogo. Unalala chini unagonga kila inchi chache na unasikiliza: chuma kizima kinalia ngo, ngo, ngo, kinapojibu kwa sauti ya kufa pale pameoza, na ukigonga kwa nguvu kidogo nyundo inazama. Nilitembea na chaki nikizungushia kila sehemu mbovu. Matokeo: boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, imekwisha karibu yote. Mikono miwili inayotoka chesisi kushika ule ukuta wa mbele, wa kushoto umekwisha, wa kulia una tundu. Juu ya hanga ya springi ya nyuma kushoto kuna sehemu ya kama kiganja imebaki kama karatasi. Katikati yote nzima kabisa, na sababu ni chekesho, injini na giaboksi vimevuja oili miaka yote na oili imeipaka chesisi bila mtu kujua.

Ukuta wa mbele: sehemu za kukanyagia miguu zote mbili zina matundu unaona ardhi, na chini ya nguzo za mlango. Kawaida ya Series, nilitegemea.

Fundi wa kuchomelea wa kwanza alitaka kubandika bati jembamba juu ya sehemu iliyooza, apige weldi pembeni, apake rangi nyeusi, jioni tunaondoka. Nikamwambia fundi, hapo umeficha hujatengeneza, weldi inashika wapi kama chuma cha chini ni mkate? Akanijibu "mangi, hii gari ni ya shamba hii, unataka kwenda nayo mbinguni?" Tulicheka ila tukaachana kwa amani.

Wa pili ni mzee mmoja mtulivu sana, anakata kwanza mpaka afike kwenye chuma kinachong'aa, ndo anapima sahani ya milimita tatu, anaikunja, anaijaribisha, anaitoa anaisaga, anairudisha. Anaenda taratibu hadi unatamani kumsaidia. Kabla ya weldi tukatoa tanki la petroli, kwenye hizi pikapu lipo chini ya siti ya dereva, yaani unakalia mafuta, na ndani yake kulikuwa na kitu cheusi kinachonuka kama rangi ya mlango. Boriti ya nyuma akaitengeneza mpya kabisa kutoka chuma cha C mbili zikaunganishwa.

Akimaliza kila sehemu namwagia ndani ya boksi oili chafu iliyochanganywa na mafuta ya taa kwa kutumia bunduki ya kupulizia, mpaka inachuruzika kwenye matundu ya chini. Ni uchafu, ni harufu, na ni dawa nzuri kuliko rangi yoyote unayopaka nje.

Baba mdogo: "Mwezi mzima na bado haina rangi?"

Machi, injini imeshika

Mjadala uliotawala mwezi huu ni injini gani. Kila mtu gereji anakwambia toa hiyo petroli weka dizeli ya Toyota, weka 3L ya Hiace, unapata spea kila kona na haili mafuta. Na ni kweli, Land Rover nyingi zinazopanda mlima huku zikibeba abiria hazina tena injini zake. Mimi nimekataa. Hii 2.25, au sentimita za ujazo 2286 ukitaka kamili, ni injini rahisi mno, hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda) ya chuma, kemshafti ipo pembeni inasukuma vali kwa fimbo, huhitaji kompyuta wala vipimo vya ajabu. Inakula mafuta, sibishi. Ila gari yenyewe itatembea kihambani na sokoni, siyo Dar. Na ukiweka injini ya Toyota unaanza kukata mabano, kubadilisha adapta ya giaboksi, kurefusha propela (ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli), mwisho unakuwa na gari ambayo fundi yeyote mpya lazima akuulize hii imefungwaje.

Sasa ilikuwa imeshika, yaani imeganda haizunguki. Hendeli, ile ya kuzungushia kwa mbele kupitia tundu la bampa, haikusogea hata nywele. Tukatoa plagi, tukamimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, tukaacha ikae. Kila nikipita nakanyaga hendeli kidogo, siyo kwa hasira, kidogo tu mbele kidogo nyuma. Wiki iliyofuata ikatoa sauti "tk", nikaongeza mchanganyiko, kesho yake ikazunguka mzunguko mzima na ile dizeli ikaruka kwenye matundu ya plagi ikanipaka kuanzia nywele hadi viatu. Furaha niliyopata pale sijui nimfananishe na nani.

Angalizo kwa wasiojua hendeli: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe kama unashika ufagio. Injini ikirudisha kwa nyuma inaondoka nacho.

Tukafungua hedi. Silinda namba tatu ina alama ya kutu lakini ukipitisha ukucha haukwami, ikasafishwa na kijiwe. Vali mbili za ekzosi zilikuwa zimegandia kwenye gaidi zake (vile vibomba zinamopita), fimbo moja imepinda. Vali zikasagwa kwa mkono, kile kijiti chenye mpira wa kunyonya na ile pesti ya mchanga, unazungusha kama unapekecha moto mpaka uone duara la kijivu limekamilika bila kukatika. Kuna suala la petroli pia, enzi hizo petroli ilikuwa na risasi (yale madini ya ledi) na ile risasi ilikuwa inalinda sehemu vali inapokalia, kwa nchi za kusini mwa Sahara iliondolewa mwanzoni mwa 2006, gari hii ilishalala. Sijabadilisha kitu, nitakuwa napima mwanya wa vali mara kwa mara, ukiona unapungua peke yake ujue vali inazama kwenye hedi.

Bolti kubwa za hedi zinakazwa futi-pauni 65. Fundi injini anakaza kwa mkono na sikio, anasema amefunga hedi nyingi kuliko umri wangu, naamini, ila niliazima spana ya kipimo na tukapitia zote. Mkono wake ulikuwa sahihi kwenye zote isipokuwa mbili za nyuma ambapo boksi spana inabanwa na ukuta. Akaangalia ile spana, akaangalia mkono wake, akasema "endelea mwanangu".

Kitu kimoja cha kufundisha vijana, mwanya wa vali. Ni inchi 0.010, milimita robo, ekzosi na inlet zote sawa, injini ikiwa baridi au moto. Vali ziko nane. Mzee huyo wa injini akanifundisha hesabu ya tisa: ukiona vali ya nane imefunguka mwisho, unarekebisha ya kwanza. Ya sita ikifunguka unarekebisha ya tatu. Nne na tano, saba na mbili, daima jumla ni tisa. Huhitaji kitabu wala kutafuta alama kwenye puli, unazungusha hendeli kwa mkono mmoja, bisibisi na fila (kijibati cha kupimia mwanya) kwa mkono mwingine, unaimba tisa tisa tisa hadi unamaliza. Nimeipenda kinoma.

Aprili, mvua

Masika ya Machame mnaijua, hamna kulala chini ya gari. Kazi za mezani tu.

Kabureta. Ni Zenith, moja, imekaa juu ya manifoldi. Ugonjwa wake unajulikana: ina vipande viwili vinavyokutana uso kwa uso, na kati yake kuna ringi ndogo ya mpira. Ikikaa na joto miaka mingi ule uso unapinda, petroli inapita isipotakiwa, gari inakuwa nzito ikiwa sailensa (inanguruma tu bila kukanyaga mafuta), inazima kila ukiachia akselereta, na mafundi wanakwambia ununue mpya. Ninachofanya: kipande cha kioo cha dirisha, tambarare kabisa, juu yake msasa wa maji namba 400, tone la mafuta ya taa, halafu unausugua ule uso kwa kuuzungusha kama namba nane, taratibu, bila kukandamiza. Mwanzoni pembeni panang'aa na katikati panabaki peusi, hapo unaona kwa macho yako palivyopinda. Unaendelea mpaka kote pawe rangi moja. Ringi mpya, bei ya soda. Jeti zote nikapuliza, moja ilikuwa imeziba na kitu kama gundi, hiyo ni petroli ya miaka ile ile imekauka.

Pampu ya petroli ni ya kusukumwa na injini, ina kikombe cha kioo chini, na ina kijiti cha kupampia kwa mkono. Huo ndo uhandisi, unaona uchafu na macho kabla haujafika kwenye kabureta. Nikabadilisha kiwambo cha mpira, kioo nikaosha.

Tanki lilimwagiwa kokoto na maji ya moto, tukalizungusha, kokoto zikatoka na kutu, kokoto zingine, hadi yakatoka maji. Lina tundu dogo sehemu ya chini, likachomelewa baada ya kujazwa maji. Msichomelee tanki kavu la petroli jamani, hata kama limekaa tupu miaka.

Mei, giaboksi inapita mlangoni

Klachi. Hii niliiogopa na nilikuwa na haki. Pleti ilikuwa imegandia kwenye flaiwili, unakanyaga pedali hakuna kitu. Wapo wanaowasha gari ikiwa kwenye gia wakikanyaga klachi mpaka ibanduke yenyewe, sawa, ila hii ilishakufa tangu babu yuko hai, ilikuwa lazima ibadilishwe.

Kwenye Series giaboksi haitokei chini. Unafungua sakafu, unafungua kile kisanduku kizima cha siti, propela mbili, hendeli ya breki ya mkono, nyaya, halafu giaboksi pamoja na transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) inanyanyuliwa ndani ya kebini na kutolewa kupitia mlango wa abiria. Ndiyo, mlangoni, kama kochi. Tukasimika miti mitatu, cheni bloku juu, wanaume wanne, na mzee wa gereji akiwa amekaa pembeni anaelekeza kwa fimbo. Ikafika usawa wa mlango ikagoma, ikageuzwa, ikapita.

Ndani ya giaboksi kuzuri kuliko nilivyotegemea, meno hayajaliwa. Series III ilikuwa ya kwanza kuwa na sinkro gia zote nne, zile za zamani gia ya kwanza na ya pili unapiga klachi mara mbili au inakutukana. Tukabadilisha oili sili, pleti, presha plate, na ile beringi ya kuachia klachi, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili atakayetaka kuitoa tena kwa ajili ya beringi.

Baba mdogo alileta kadi ya rangi kutoka duka la mjini. Amezungushia kijani.

Juni, breki na waya

Breki za 109 mbele zina silinda mbili kila gurudumu, zinasukuma shuu zote mbili kwa pamoja. Zikiwa sawa zinashika vizuri, lakini kuzitoa upepo ni adhabu. Hewa inajificha kwenye kile kipaipu kinachounganisha silinda mbili. Unapampu unapampu, pedali inabaki laini, watu wanabadilisha masta silinda bure. Njia iliyotufaa: kaza ajasta zote mpaka shuu zigande kwenye drami kabisa, gurudumu lisizunguke, ili pistoni zisiwe na safari ndefu, ndo utoe upepo kuanzia gurudumu la mbali zaidi. Pedali ikapanda. Ukimaliza unalegeza ajasta mpaka gurudumu lizunguke huru. Mipira yote tumeweka mipya, na mipira ya breki haipakwi grisi wala oili ya injini, inavimba, inapakwa mafuta ya breki yenyewe.

Fundi umeme nilimsumbua kidogo. Alikuja na roli kubwa la waya mwekundu, mpango wake ni gari nzima nyekundu. Nikamwambia hapana kaka, hizi gari zina lugha yake: kahawia ni moto wa kudumu kutoka betri, nyeupe ni wa swichi, kijani umepita kwenye fyuzi baada ya swichi, zambarau una fyuzi ila hautegemei swichi, bluu taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ardhi. Mtu akifungua bonet miaka ishirini ijayo anaelewa bila kuuliza. Akalalamika kwamba itabidi anunue roli za rangi nyingi, nikanunua mimi, na alivyomaliza mwenyewe akapiga picha.

Ardhi zote nimesugua mpaka chuma cheupe. Magonjwa mengi ya umeme ya Land Rover ni ardhi mbovu tu, taa ya nyuma inawaka ukipiga indiketa, honi inalia taa zikififia, ni alumini na chuma vimewekeana unga mweupe katikati umeme haupiti.

Julai, imewaka

Pointi za distributa zikawekwa milimita 0.4, mpangilio wa moto 1-3-4-2, oili mpya, maji, betri mpya. Kwanza tukaizungusha bila plagi mpaka taa ya oili ikazimika, maana yake presha imefika juu. Tukafunga plagi. Nikapampu petroli kwa kijiti mpaka kile kikombe cha kioo kikajaa, choki nje, selfu.

Ilikohoa, ikatema moshi mweupe mwingi hadi kuku wakapanda mgombani, ikafa. Mzee akazungusha distributa kidogo sana, kama unarekebisha redio. Tena. Ikashika, kwa silinda tatu kwanza, halafu ya nne ikajiunga na sauti ikabadilika ikawa ile tuliyokua nayo. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza, akasema "huyo anakuja na sementi", akarudi jikoni kwake.

Nikasema sitaandika mambo ya machozi humu, so tuendelee. Inavuja oili kwenye sili ya nyuma ya krenki, kidogo. Wota pampu inalia, imebadilishwa. Joto linakaa katikati ya geji hata ikiachwa sailensa nusu saa.

Safari ya kwanza ilikuwa kushuka mpaka barabara ya lami na kurudi, kwa gia ya pili, breki zikijaribiwa kila baada ya mita chache. Stelingi ina uchezaji mwingi, tai rodi endi (viungo vya fimbo za stelingi) zimeagizwa. Springi za kushoto zimelala kuliko za kulia, kawaida ya magari yaliyobeba mizigo miaka yote, mafundi wa springi Moshi watanyoosha na kuongeza jani moja. Bushi za springi zilizogoma kutoka tulizichoma na gesi mpaka mpira ukaungua, ganda likakatwa na msumeno wa chuma kwa ndani.

Agosti, sasa tuongee rangi

Sawa baba mdogo, zamu yako.

Gari ilitoka kiwandani kijani kizito na paa la kebini rangi ya maziwa yaliyochacha, ile wanayoita Limestone. Chini ya uchafu ile kijani bado ipo, imechakaa sehemu za kugusa, imebaki alumini tupu pale mkono wa babu ulipokuwa unakaa dirishani na juu ya kingo za bodi magunia yalipokuwa yanaburuzwa. Baba mdogo anataka ipigwe yote upya ing'ae. Mimi naona ukishaijaza puti na kuipiga rangi ya kung'aa, utaanza kuiogopa, utakataa kupakia mkungu kwa sababu utaikwaruza, na gari ya kihamba isiyopakia mkungu ni ya nini?

Tumekubaliana katikati, na aliyetukubalisha ni bibi. Milango itapigwa kwa sababu fremu zake ni chuma ndani ya ngozi ya alumini na hapo ndo vita vinapoanza, chuma na alumini vikigusana kukiwa na unyevu, alumini inaliwa inakuwa unga mweupe inavimba chini ya rangi. Ngozi za chini zimekatwa, kipande kipya cha alumini kimefungwa kwa ribiti, na katikati ya chuma na alumini nimepaka praima nzito na mpira mwembamba ili zisigusane. Halafu alumini tupu haishikwi na praima ya kawaida, unapiga leo mwezi ujao inabanduka kama ngozi ya nyoka, lazima ianze na praima yenye asidi inayouma ule uso kwanza. Paa litapigwa pia. Bodi ya nyuma na fenda zinaoshwa tu na kung'arishwa, mabonde yote yanabaki.

Kuna mtu alinipigia ameona gari barabarani anataka kununua, na siyo wa kwanza. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, kila mwenye babu ameenda kuchungulia stoo. Haiuzwi.

Zilizobaki: tai rodi endi, springi, mpira wa kioo cha mbele kwenye zile bawaba mbili zinazovuja mvua ikinyesha kwa upepo, taa ya namba ya nyuma, siti mpya upande wa abiria kwa sababu ile ya kuku haikosheki, na kumalizia makaratasi maana namba zake bado ni zile za zamani za TZ nyeusi. Fundi springi kaniambia niipeleke Jumatatu asubuhi ikiwa tupu. Jumapili bibi ana ndizi za kupeleka soko la Mbuyuni, so itaenda na ndizi kwanza.